Mchapishaji ni nani? Kusoma saini ya kidijitali kabla ya kusakinisha programu

Mhasibu wa ofisi moja ndogo alinipigia simu asubuhi akiwa na swali ambalo watu wengi huliruka. Printa mpya ilikuwa imeletwa, fundi alikuwa amefika na flashi yenye draiva, yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kuitumia printa, na walipoifungua faili hiyo kompyuta ilisita, ikaonyesha kidirisha chenye utepe wa manjano kinachosema kwamba mchapishaji wa programu hajulikani. Fundi akamwambia, "Dada, hayo maandishi huja kila siku, bonyeza Yes tuendelee." Hakubonyeza. Akaniuliza, "Kaka, kompyuta inasema mchapishaji hajulikani. Mchapishaji ni nani, na mimi nitamjuaje?"

Nimefanya kazi na kompyuta za ofisi kwa miaka mingi na sikumbuki kuulizwa swali la maana zaidi ya hilo. Kwa Kiswahili cha kila siku mchapishaji ni mtu wa vitabu na magazeti, kwa hiyo si ajabu neno hilo likimkwaza msomaji wa kidirisha cha kompyuta. Hapo linamaanisha mtu au kampuni iliyotia saini yake ya kidijitali kwenye faili na kukiri mbele ya kila mtu kwamba faili hiyo ni yake. Saini ikikubalika, Windows huonyesha utepe wa buluu na jina la aliyetia saini. Isipokuwepo, au isipoaminika, utepe huwa wa manjano na jina halitajwi. Watu hubonyeza kukubali katika hali zote mbili kwa kasi ileile, na makala haya yanahusu hasara ya kufanya hivyo, pamoja na jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha: saini ya kidijitali inatufaa sisi wa Afrika Mashariki kuliko inavyowafaa watu wengi wa nchi tajiri, kwa sababu ya jinsi faili zinavyotufikia.

Tuanze na kile saini inachokisema, kwani makosa mengi hutokana na kuitwisha mzigo isioubeba. Mtu anayekwenda kufungua akaunti benki huombwa barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Ofisa wa benki haulizi nani aliibeba barua hiyo njiani. Anaangalia muhuri na jina la mtendaji. Muhuri ukiwa halali, anajua barua imetoka ofisi fulani. Hajui, kwa muhuri huo pekee, kama mteja ni mwaminifu au atalipa mkopo wake. Saini ya kidijitali hufanya kazi hiyo hiyo, ila inauzidi muhuri wa karatasi kwa jambo moja kubwa. Mjanja anaweza kuongeza mstari chini ya barua iliyokwisha kugongwa muhuri, na muhuri ukabaki pale pale ukiwa safi. Kwenye faili iliyotiwa saini hawezi kuongeza nukta ndani ya sehemu iliyosainiwa bila saini kuvunjika.

Wazo hilo lilielezwa hadharani mwaka 1976 na Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Chuo Kikuu cha Stanford, na mwaka uliofuata Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wakapata njia ya kulitekeleza kwa hesabu za namba kubwa. Mtengenezaji wa programu huwa na funguo mbili zinazoendana: mmoja wa siri, ambao hapaswi kumpa mtu yeyote, na mwingine wa umma, ambao kila mtu anaruhusiwa kuwa nao. Faili hupitishwa kwenye hesabu inayotoa muhtasari mfupi uitwao heshi. Hesabu inayotumika sana leo, SHA-256, hutoa muhtasari unaoandikwa kwa tarakimu na herufi 64, iwe faili ni ya kilobaiti mbili au gigabaiti nne, na biti moja tu ikibadilika muhtasari wote hubadilika usitambulike. Mtengenezaji hutia saini muhtasari huo kwa ufunguo wake wa siri. Kompyuta yako hukokotoa muhtasari upya kutoka kwenye faili uliyonayo, hutumia ufunguo wa umma kuikagua saini, kisha hulinganisha. Vikipatana, mambo mawili yamethibitika: aliyetia saini alikuwa na ule ufunguo wa siri, na faili haijaguswa tangu hapo.

Linabaki suala la jina, maana ufunguo ni namba tu na namba haina jina. Hapo huingia mamlaka za vyeti, kampuni kama DigiCert, Sectigo na GlobalSign, ambazo hukagua nyaraka za mwombaji na kutoa cheti kinachosema kwamba ufunguo fulani wa umma ni wa kampuni fulani. Windows huja tayari ikiwa na orodha ya mamlaka inazoziamini. Mfumo huu wa Microsoft unaitwa Authenticode na umekuwepo tangu mwaka 1996. Kwa hiyo jina unaloliona kwenye utepe wa buluu limesimama juu ya neno la mtu wa tatu, na uzito wake ni uzito wa ukaguzi alioufanya huyo wa tatu.

Sasa nirudi kwenye ile flashi. Ushauri unaorudiwa kila mahali ni kwamba programu ipakuliwe kwenye tovuti rasmi ya mtengenezaji na si kwingineko. Ushauri huo ni mzuri na mimi pia huutoa, lakini umeandikwa na watu ambao intaneti kwao ni kama maji ya bomba. Kwetu, faili hutembea kwa miguu ya watu. Mwanafunzi anayehesabu bando lake kwa megabaiti hatapakua kisakinishi, yaani faili ya kusakinishia programu, cha mamia ya megabaiti wakati mwenzake wa chumba cha pili anacho. Kisakinishi kilichopakuliwa mara moja kwenye mtandao wa chuo huingia kwenye flashi, flashi huingia kwenye kompyuta ya stesheneri, kutoka hapo huenda ofisi ya kata, kisha kwenye kompyuta ya mwalimu, na baada ya miezi sita hakuna anayekumbuka ilikotoka. Kumwambia mtu wa mwisho katika msafara huo kwamba angeenda tovuti rasmi ni kumwambia jambo la kweli lisilomsaidia.

Saini inamsaidia. Chukua VLC, programu ya kuchezea video ambayo nadhani imezunguka kwenye flashi za Afrika Mashariki kuliko nyingine yoyote. Kisakinishi chake cha Windows hutiwa saini na VideoLAN, shirika la Ufaransa linaloitengeneza. Kisakinishi hicho kikipita kwenye flashi kumi na mikono ishirini, halafu saini yake ikakaguliwa ikaonekana halali na jina likawa VideoLAN, basi faili uliyonayo ndiyo ile iliyotoka kwa VideoLAN. Stesheneri inaweza kuwa imejaa virusi. Mwenye flashi anaweza kuwa mtu usiyemwamini hata kumwazima kalamu. Hayo yote hayabadilishi jibu kuhusu faili hiyo moja. Saini imemwondoa mbebaji kwenye hesabu ya uaminifu. Kwa jamii ambayo programu zake hubebwa, hilo ni jambo kubwa, na inanisikitisha kwamba hatulifundishi shuleni wala kwenye mafunzo ya kompyuta ya ofisini.

Kuna tahadhari mbili hapo hapo. Saini huzungumzia faili moja, haiisafishi flashi nzima. Faili nyingine zilizolala pembeni yake, hasa zile zinazojifanya mafolda, hazimo katika ushahidi huo. Pia saini haisemi kwamba toleo ulilonalo ni jipya. Toleo la miaka minane iliyopita lenye mianya inayojulikana na kila mdukuzi bado litakuwa na saini nzuri, kwa kuwa saini nyingi huambatana na muhuri wa muda unaoonyesha kwamba zilitiwa wakati cheti kilikuwa hai, na hivyo huendelea kukubalika hata cheti kikiisha muda wake.

Kukagua si kazi ngumu. Kwenye Windows unabofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unachagua Properties, halafu unatafuta kichupo cha Digital Signatures. Watu wengi huishia hapo: wakiona kichupo kipo wanaridhika. Hilo ni kosa, kwa sababu kichupo huonyesha tu kwamba faili ina saini, na saini iliyovunjika nayo huonekana kwenye kichupo hicho hicho. Ni lazima uchague jina lililoorodheshwa na kubonyeza Details ndipo kompyuta ifanye hesabu na kukuambia kama saini ni sawa au la. Anayependa kuandika amri anaweza kufungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, na kutumia Get-AuthenticodeSignature ikifuatiwa na jina la faili. Jibu la Valid lina maana ya saini halali, HashMismatch lina maana kwamba faili imebadilishwa baada ya kutiwa saini, na NotSigned lina maana kwamba saini haipo. Kichupo kisipoonekana kwenye faili za Windows yenyewe usishtuke upesi, kwani nyingi kati ya hizo saini zake huhifadhiwa kwenye katalogi ya pembeni, na amri hiyo huijua katalogi hiyo.

Kazi halisi huanza baada ya jibu la Valid, nayo ni kazi ya kusoma. Jina la faili si ushahidi, kwa maana mtu yeyote anaweza kuiita faili yake ChromeSetup. Picha ndogo ya programu si ushahidi pia, kwa maana inanakiliwa kwa sekunde moja. Ushahidi ni jina lililo ndani ya saini, na swali la kujiuliza ni kama mwenye jina hilo ndiye anayetarajiwa kuwa ametengeneza kitu hiki. Kisakinishi cha Chrome kinatakiwa kuwa na jina la Google LLC. Ukikuta saini halali kabisa ya kampuni ya biashara ya jumla usiyoisikia popote, ikiwa juu ya faili inayodai kuwa Chrome, basi kompyuta imeshakwambia ukweli kwa uaminifu. Imekwambia kwamba faili hiyo si ya Google. Utepe utakuwa wa buluu, na buluu hiyo ndiyo itakayomlaghai mtu aliyezoea kuangalia rangi badala ya kusoma maneno. Watunga virusi wanalijua hili, ndiyo maana wako tayari kusajili kampuni za majina yasiyo na sura na kununua vyeti kwa majina hayo.

Hata jina lenyewe limewahi kudanganya. Mwishoni mwa Januari 2001 kampuni ya VeriSign, iliyokuwa mamlaka kubwa ya vyeti wakati huo, ilitoa vyeti viwili vya kutia saini programu kwa mtu aliyejifanya mfanyakazi wa Microsoft. Vyeti hivyo vilibeba jina la Microsoft Corporation. Kosa liligunduliwa, vyeti vikabatilishwa, na mwezi Machi Microsoft ikatoa tahadhari kwa umma. Lakini vyeti vya aina hiyo havikuwa na anwani ya kuielekeza kompyuta mahali pa kuangalia orodha ya vyeti vilivyobatilishwa, kwa hiyo kubatilishwa kwake peke yake hakukutosha, na Microsoft ikalazimika kutoa sasisho la Windows ili vyeti hivyo viwili vikataliwe. Mtendaji alikuwa amemgongea muhuri mtu asiyemjua, na habari za kuufuta muhuri huo hazikuwa na njia ya kufika benki.

Kuna jambo la programu zilizokrakiwa, na hapa sitaki kumhukumu mtu. Najua leseni ya programu za ofisi inagharimu kiasi gani ikilinganishwa na mshahara wa mwalimu, na najua stesheneri nyingi zisingefunguliwa kama zingetakiwa kulipa leseni zote tangu siku ya kwanza. Hata hivyo mtu anapaswa kuelewa anachokubali. Kukraki maana yake mara nyingi ni kubadilisha baiti kadhaa ndani ya faili ya mtengenezaji ili isiulize leseni, na baiti hizo zikibadilika saini huvunjika. Kuanzia hapo kompyuta haina njia ya kutofautisha baiti tano zilizobadilishwa ili kuondoa leseni na baiti elfu tano zilizoongezwa ili kuiba nywila. Kisha kile kiprogramu cha kuamsha leseni chenyewe hakina saini ya mtu anayefahamika, na maelekezo yanayoambatana nacho karibu kila mara humtaka mtumiaji azime antivairasi kwanza. Mtu ameombwa afumbe macho, azibe masikio, kisha amfungulie mlango mgeni asiyetaja jina lake.

Inabaki hali iliyo ngumu kuliko zote, ile ambayo saini ni halali, jina ni sahihi, na programu ni mbaya. Hali hiyo ipo, na mtu anayeiuza saini kama kinga kamili anawadanganya watu. Mwaka 2010 iligunduliwa programu hasidi iliyopewa jina la Stuxnet, iliyolenga mitambo ya kurutubishia urani huko Natanz nchini Iran. Draiva zake zilikuwa na saini halali za Realtek na JMicron, kampuni mbili za Taiwan zenye heshima, ambazo funguo zao za siri zilikuwa zimeibwa. Miaka miwili baadaye ikajulikana programu ya ujasusi iitwayo Flame, ambayo haikuhitaji hata kuiba ufunguo: watengenezaji wake walitumia udhaifu wa heshi ya zamani ya MD5 kughushi cheti kilichoonekana kutoka Microsoft.

Kisa ninachokiona kuwa na mafunzo zaidi ni cha CCleaner, kwa sababu hakikuwahusu majasusi na mitambo ya nyuklia. Kiliwahusu watu wa kawaida waliotaka kusafisha kompyuta zao, na programu hiyo mafundi wetu wengi wanaijua. Tarehe 15 Agosti 2017 kampuni ya Piriform ilitoa toleo la 5.33. Wadukuzi walikuwa wameshaingia kwenye mitambo ambamo programu hiyo huundwa, wakapenyeza msimbo wao kabla ya hatua ya kutia saini. Kampuni ikatia saini yake halali juu ya kazi ya wezi bila kujua. Faili ilipakuliwa kutoka tovuti rasmi, ikiwa na cheti sahihi na jina sahihi, na kwa takribani mwezi mzima hakuna aliyegundua. Kwa hesabu ya wenye kampuni, kompyuta milioni 2.27 zilikuwa na toleo hilo. Kati ya hizo wadukuzi walichagua kompyuta zipatazo 40, za makampuni makubwa ya teknolojia, wakazipelekea hatua ya pili ya shambulio. Mwaka 2020 mtindo huohuo ulirudiwa kwenye Orion, programu ya kusimamia mitandao ya kompyuta ya kampuni ya SolarWinds ya Marekani, na sasisho lenye sumu, likiwa na saini halali, likafikia wateja wapatao 18,000, zikiwemo idara za serikali ya nchi hiyo.

Mtumiaji makini wa CCleaner mwaka 2017 angefanya nini? Angekagua saini, angekuta ni halali, angesoma jina na kulikuta sawa, kisha angesakinisha na kuambukizwa kama wengine. Sina njia ya kulipamba jibu hilo. Lakini si kweli kwamba saini haikuwa na kazi yoyote siku hiyo. Kwa kuwa ilikuwa pale, ilijulikana bila ubishi kwamba sumu iliingilia ndani ya kampuni na si kwa tapeli wa pembeni aliyenakili programu, uchunguzi ukaelekezwa mahali pake, na cheti kilichotumika kikaweza kubatilishwa. Pia ni lazima tupime ugumu. Kuingia kwenye mitambo ya kampuni na kukaa humo bila kuonekana kunahitaji timu yenye fedha, ujuzi na subira. Kubandika virusi kwenye kisakinishi kisichokaguliwa na kukisambaza kwa flashi kunahitaji kijana mmoja na jioni moja. Mhasibu wa ofisi ndogo yuko kwenye hatari ya huyo wa pili kila wiki, na dhidi ya huyo saini inatosha kabisa.

Wapo wanaosema kwamba badala ya saini inatosha kulinganisha heshi iliyoandikwa kwenye tovuti na ile ya faili uliyopakua. Heshi ni nzuri kwa kujua kama faili ilikatika njiani. Haifai kitu dhidi ya mtu aliyeiteka tovuti yenyewe, kwa sababu anayeweza kubadilisha faili anaweza pia kubadilisha mstari wa herufi ulioandikwa chini yake. Tarehe 20 Februari 2016 tovuti ya Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, ilidukuliwa, na waliokwenda kupakua toleo la 17.3 la Cinnamon siku hiyo wakaelekezwa kwenye nakala yenye mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kumwingiza mdukuzi. Walikuwa kwenye tovuti rasmi, wakifuata ushauri uleule tunaoutoa kila siku. Katika hali kama hiyo kinga hutoka kwenye saini ambayo ufunguo wake wa siri hauishi kwenye seva ya tovuti, na ambayo mtumiaji alishaupata ufunguo wake wa umma mapema, kwa njia nyingine.

Kwenye simu mambo yana sura tofauti kidogo, na wasomaji wengi wa makala haya wana simu kabla ya kompyuta. Android haisakinishi faili ya APK, yaani kifurushi cha programu ya simu, isiyo na saini. Lakini saini hiyo mtengenezaji hujitengenezea mwenyewe, hakuna mamlaka iliyokagua jina lake, kwa hiyo haikuambii ni nani. Inachokuhakikishia ni mwendelezo: sasisho la programu haliwezi kukaa juu ya programu iliyopo mpaka liwe na saini ya ufunguo uleule. Ndiyo maana mtu anayejaribu kuweka WhatsApp iliyorekebishwa juu ya WhatsApp halisi huambiwa na simu kwamba programu haikusakinishwa, na maelekezo anayotumiwa na rafiki humwambia aifute kwanza ile halisi, au hupewa toleo lililobadilishiwa jina la ndani ili simu ione ni programu nyingine kabisa. Watu huuona ujumbe ule kama kero ya simu. Ujumbe ule ni ukaguzi wa saini ukifanya kazi yake. Simu inasema kwamba aliyetengeneza hii si aliyetengeneza ile. Mwezi Agosti 2021 watafiti wa Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walikuta toleo moja la FMWhatsApp, mojawapo ya hizo WhatsApp zilizorekebishwa, likiwa na programu hasidi ya Triada ndani yake, na matoleo haya yanayorekebishwa ndiyo yanayosifiwa kwenye magrupu yetu kwa sababu ya rangi na uwezo wa kuficha alama za kusoma ujumbe. Mwezi Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba kuanzia Septemba 2026, kwanza katika Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, programu zitakazosakinishwa kwenye simu za Android zilizoidhinishwa na Google zitatakiwa kutoka kwa watengenezaji waliojitambulisha, hata zile zisizopitia Play Store. Naelewa hofu ya watengenezaji huru juu ya uamuzi huo, na naona hofu hiyo ina msingi, kwa sababu ya jambo linalofuata.

Kukosa saini si dhambi. 7-Zip, programu ya kufungulia faili zilizobanwa ambayo inatumika duniani kote, kwa miaka mingi imekuwa ikitolewa na mtengenezaji wake bila saini ya Authenticode, na utepe wake ni wa manjano kama ule wa virusi. Mwezi Machi 2019 Don Ho, mtengenezaji wa Notepad++, programu ya bure ya kuandikia maandishi, alitoa toleo la 7.6.4 bila saini baada ya cheti chake kuisha muda, akilalamika wazi kwamba bei ya vyeti hivyo imezidishwa mno. Vyeti hivi hugharimu mamia ya dola kwa mwaka. Kijana wa Mwanza au Kisumu aliyeandika programu nzuri ya kutunza hesabu za duka hana fedha hizo, na kidirisha cha manjano humsema kama kinavyomsema mwizi. Kwa programu ya namna hiyo njia iliyobaki ni ile ya zamani ya kumjua mtu mwenyewe na kupokea faili kutoka mkononi mwake, au kwenye tovuti ambayo yeye mwenyewe ameitaja.

Upande ambao sina huruma nao ni wa taasisi. Taasisi yenye bajeti, inayowataka wananchi wasakinishe programu yake ili wapate huduma, haina udhuru wa kutoa faili isiyo na saini, kisha kuandika kwenye mwongozo wake kwamba onyo likitokea mtumiaji abonyeze kukubali. Mwongozo wa namna hiyo nimewahi kuupokea ofisini, kwa Kiswahili safi, ukiwa na picha ya kidirisha na mshale mwekundu ukielekea kwenye kitufe cha kukubali. Kila aliyeufuata alijifunza kwamba onyo lile ni la kupuuzwa, na somo hilo atalibeba mpaka siku atakapokutana na faili ya tapeli. Kutia saini kungechukua dakika chache. Sentensi moja kwenye mwongozo ingetosha kuwapa watu kipimo cha kudumu: kwamba kidirisha kitakapofunguka jina la mchapishaji ni lazima liwe hili, limeandikwa hivi, herufi kwa herufi, na likiwa tofauti usiendelee.

Ile faili ya printa haikuwa na saini yoyote. Sikuweza kusema ilikuwa na virusi, wala sikutaka kumtuhumu fundi, ambaye naye alikuwa ameipata kwa fundi mwenzake. Tulipakua draiva kutoka kwa mtengenezaji wa printa kwa kutumia simu ya mhasibu kama modemu. Ikachukua dakika kama ishirini na kula sehemu kubwa ya bando lake. Alibofya mwenyewe kitufe cha kulia, akafungua kichupo, akabonyeza Details, akanisomea kwenye simu jina la kampuni lililoandikwa pale, nalo lilikuwa lilelile lililopigwa chapa mbele ya printa. Fundi alikuwa amesimama nyuma yake wakati wote huo. Printa ilipoanza kutoa karatasi, alichomeka tena flashi yake, akaifuta ile draiva ya zamani, akanakili mpya.